Filimbi Asiyoisikia Mama Spana

Birika lilianza kulia gizani. Kwanza kifilimbi chembamba, kama mbu aliyepotea njia, kisha sauti ikapanda, ikanyooka, ikapenya ukuta wa chumba kama sindano ya magunia. Daftari alifumbua macho, akangoja. Alihesabu moja, mbili, tatu. Alipofika kumi bila kusikia mtu akiliepua, alimtoa mwanawe aliyelala begani pake polepole, kama mtu anayetoa yai kwenye kiota, akaenda jikoni miguu mitupu.

Mama mkwe wake alikuwa pale pale, juu ya kigoda, nusu hatua kutoka kwenye jiko, akifunga kamba za buti zake kwa mwanga wa ule mwali wa gesi. Birika lilikuwa likipiga mayowe karibu kabisa na kiwiko chake. Uso wake ulikuwa umetulia tuli, kama maji ya mtungini.

"Umeamka mapema leo pia, mwanangu," alisema alipomwona.

Daftari akazima jiko. Filimbi ikashuka, ikakata roho. Mama mkwe akautazama mvuke uliokuwa ukitoka, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mabirika ya siku hizi ndiyo haya. Mwezi mmoja tu, filimbi imekufa."

Daftari alimimina maji kwenye chupa ya chai.

Mama mkwe huyo ndiye ambaye watu wote walimwita Mama Spana, na alikuwa fundi wa matrekta tangu meno yake yote yalipokuwa kinywani. Alianza kwa kuosha vyuma vya mafundi wengine kwenye shamba kubwa, akaishia kuwarekebishia walichoharibu. Banda lake la mabati lilikuwa ng'ambo ya uzio wa nyumba, hatua thelathini kutoka jikoni, na sifa yake ilifika mbali kuliko barabara. Sifa hiyo ilikuwa ya sikio. Alikuwa akichukua bisibisi ndefu, ncha anaiegemeza kwenye chuma, mpini anauweka sikioni, anafumba macho, halafu anasema: beringi ya pili, upande wa kushoto. Mkifungua, mnaikuta. Geji ya kupimia nguvu ya oili alikuwa nayo, lakini ilining'inia kwenye msumari, vumbi limeifunika kioo. Geji, alizoea kusema, ni sikio la wasio na sikio.

Sasa mtu kama huyo ukimwambia kwamba hasikii, umemwambia nini? Umemwambia afunge banda, akae barazani achambue mchele. Ndilo lililomwogopesha Daftari. Alikuwa ameligundua zamani, tangu msimu wa kupanda. Sauti nene mama mkwe alizisikia bado: injini, lori barabarani, mwanawe dereva alipopiga honi akirudi mwisho wa wiki. Zilizopotea ni zile nyembamba. Filimbi. Simu. Na kubwa kuliko zote, sauti ya Njugu, mjukuu wake wa miaka minne, aliyeitwa hivyo kwa kuwa maneno yake yalipasuka pa pa pa kama njugu kikaangoni. Mtoto angemweleza bibi yake hadithi ndefu ya paka na ndoo, na bibi angecheka mahali pasipo pa kucheka. Mtoto alikuwa ameanza kuacha kumweleza.

Kwa hiyo Daftari alinyamaza, akawa anaamka kila alfajiri kuliepua birika. Mkwe akimpenda mama wa mumewe, ndivyo anavyofanya: anaziba ufa kwa mgongo wake na kujifanya ameegemea tu.

Jina la Daftari alipewa na Mama Spana mwenyewe. Alipoanza kwenda darasa la ufundi la jioni, kwenye shule ya watoto ambako magoti ya watu wazima yaligonga madawati, alirudi kila siku na madaftari yaliyojaa mishale na michoro. Mama Spana aliyapindua kichwa chini miguu juu akauliza kama trekta nalo linajua kusoma. Lakini bandani alimfundisha, na maneno yake Daftari aliyaandika ukurasa wa kwanza, juu ya maneno ya mwalimu: *Wagonjwa wawili wa nyumba moja, kagua chungu kabla ya kuwapasua matumbo.*

Asubuhi hiyo, chai haijapoa, alikuja Baba Ndoo.

Baba Ndoo alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu msafi hata ndoo zake ungeweza kujitazama ndani yake. Trekta lake lilikuwa kuukuu, rangi nyekundu imebaki kwenye mikunjo tu, na nyuma lilibeba mashine ya kukatia majani. Lilikuja likiiburuta mashine hiyo kama kuku aliyevunjika bawa.

Akaeleza, kwa sauti ya juu kama kawaida yake alipozungumza na Mama Spana, kwamba mambo mawili yamemharibikia kwa mpigo. La kwanza, mikono ya trekta ya kuinulia mashine haina nguvu. Inapanda kwa kutetemeka, inafika nusu, inachoka. La pili, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine inazunguka vizuri hewani, lakini blade zikikutana na majani mazito, inasimama huku injini ikiendelea kunguruma. Na majani yake yamefika. Yakipita siku tano bila kukatwa yatakuwa vijiti, na ng'ombe hatafuni kuni.

"Vua huo mtandio wako kwanza," Mama Spana akamwambia Daftari, kama alivyosema kila siku, na Daftari akautundika kwenye msumari. Hiyo ilikuwa sheria ya banda: shafti ya nyuma ikizunguka, hakuna kitambaa kinachoning'inia, hakuna bangili, hakuna mtu kuivuka. Hata Baba Ndoo alichomekea shati.

Wakakagua oili. Kijiti cha kupimia kilitoka kimelowa hadi alama ya juu. Injini ikawashwa, Baba Ndoo akabaki juu kitini. Mama Spana akachukua bisibisi yake, akainama, ncha kwenye ganda la pampu, mpini sikioni, macho akayafumba.

Daftari alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuhitaji bisibisi. Baba Ndoo alipovuta wenzo wa kuinulia, pampu ilitoa ukelele mwembamba uliopanda juu ya ngurumo ya injini, na chini yake mkwaruzo, kama mtu anayetafuna changarawe. Aliijua sauti hiyo; mwalimu wa jioni alikuwa ameiigiza kwa mdomo mpaka darasa zima likavunjika mbavu. Ni pampu yenye kiu. Inavuta, haipati, inameza hewa.

Mama Spana akafumbua macho, akaashiria injini izimwe.

"Pampu nzima," alisema. "Kimya kabisa, inazunguka kama mtoto aliyeshiba. Basi ubaya uko mbele ya pampu. Mikono imekula sili zake za kuzuia oili, na shafti imemaliza sahani za klachi. Tutalipasua katikati."

Baba Ndoo akashuka taratibu, akavua kofia. Kulipasua trekta katikati ni kuligawa kiunoni, mbele huku na nyuma kule, kwa jeki na magogo. Wiki nzima, na hiyo ni kama vipuri vinapatikana. Alisema majani hayatangoja. Mama Spana akamjibu kwamba hata yeye hakuyapanda, na akaenda kutafuta jeki.

Daftari alibaki ameshika kitambaa cha kufutia mikono. Fikra ya mama mkwe wake ilikuwa imenyooka. Kwenye trekta lile pampu moja ilifanya kazi mbili: oili yake iliinua mikono, na oili hiyo hiyo ndiyo iliyoibana klachi ya shafti ya nyuma. Pampu ikiwa nzima, kweli ubaya uko mbele. Ila pampu haikuwa nzima. Ilikuwa ikipiga kelele za kuomba msaada, na aliyeitwa hakusikia.

Angeweza kusema pale pale. Lakini mkwe hamkosoi mama wa mumewe mbele ya mteja, tena kwa jambo lenyewe ni sikio. Angeweza pia kunyamaza, kama alivyonyamazia birika. Wangelipasua trekta, wangekuta sahani za klachi ni nzima, na Mama Spana angesimama katikati ya vyuma viwili mbele ya watu, akiwa hajui amekosea wapi. Hapo ndipo Daftari alipoona kwamba ukimya wake haukuwa unamlinda mtu tena.

Akamwomba Baba Ndoo awashe tena injini, akidai anataka kujifunza kitu. Baba Ndoo, mtu asiye na neno, akapanda. Daftari akamfuata mama mkwe, akamgusa bega, akamshika kiganja kama unavyomshika mtoto kuvuka barabara, akakiweka juu ya pampu. Kisha akamwinulia Baba Ndoo mkono: vuta.

Wenzo ukavutwa. Daftari aliutazama uso wa Mama Spana. Mwanzo haukuwa na kitu. Halafu vidole vikakaza, vikahama kidogo, kimoja kimoja, kama vya mtu anayesoma. Chuma kilikuwa kikitetemeka kwa ule mtetemo wa haraka, wa juu juu, unaowasha ngozi. Mikono ile ilikuwa imeshika pampu miaka arobaini. Haikuhitaji kuambiwa.

Mama Spana aliinua macho, akayakaza midomoni mwa mkwewe.

"Inalia?"

"Inalia, mama."

Akapitisha mkono hewani, injini ikazimwa. Baba Ndoo akaambiwa akachote maji ya kunawa kwenye tangi la nyuma ya nyumba, na akaenda, kwa maana ukiambiwa kitu na Mama Spana huulizi kwa nini.

"Inalia kama nini?" Mama Spana aliuliza sasa, chini chini.

"Kama birika."

Jogoo wa jirani aliwika, na Daftari akajikuta anajiuliza kama hilo nalo limesikika.

"Birika letu. Halijafa."

"Halijafa, mama. Linalia kila siku."

Mama Spana akakaa juu ya tairi. Akaanza kufuta mikono yake, kidole kwa kidole, ingawa haikuwa na grisi yoyote. "Ndiyo maana unaamka kabla ya jua. Mimi nikadhani nimepata mkwe mchapakazi."

Daftari akachuchumaa mbele yake ili uso wake uonekane vizuri, akamwambia yote kwa mafungu mafungu: birika, simu, hadithi za Njugu, na kwamba aliogopa. Alinyamaza kwa kuogopa kwamba banda litafungwa, na banda likifungwa, mama huyu ataanza kuzeeka kwa kasi kama trekta lililoachwa mvuani.

Mama Spana alimsikiliza kwa macho hadi mwisho. Uso wake ulipita mahali pagumu. Daftari alipaona, akangoja. Kisha ile mikunjo ya pembeni mwa macho ikarudi.

"Umenificha ugonjwa wangu mwenyewe," alisema. "Siku nyingine usinionee huruma kwa siri. Nionee huruma waziwazi, nikugombeze, tuendelee na kazi." Akanyoosha mkono, akashikwa, akainuka. "Sasa niletee geji."

Daftari alidhani amesikia vibaya. Akaenda kuishusha kwenye msumari, akaipangusa kioo. Baba Ndoo aliporudi na maji, aliwakuta wameifunga kwenye mdomo wa kupimia, vichwa viwili vimeinama juu ya mshale mmoja. Injini ilipowashwa mshale uliruka, ukatetemeka, ukaanguka kabla ya kufika nusu ya njia. Hakukuwa na ubishi tena. Mikono na klachi vilikuwa na njaa tu. Chungu ndicho kilichokuwa kitupu.

"Lakini oili imejaa," alisema Baba Ndoo. "Niliongeza mwenyewe juzi, lita kumi nzima."

"Imejaa tangini. Haifiki mdomoni," Mama Spana akamjibu. "Tufungue chujio."

Wakatega ndoo, wakalegeza bolti, oili ikashuka ikiwa na povu jembamba juu yake kama kahawa iliyopigwa. Daftari aliingiza mkono, akalivuta chujio nje. Lilitoka limevaa koti. Waya zake zote, mzunguko mzima, zilikuwa zimezingirwa na kitu laini, cha kijivu, kilichoshikamana kama manyoya ya paka aliyenyeshewa. Akakibandua. Kilitoka kipande kizima, na ndani ya kijivu hicho palikuwa na nyuzi za buluu.

Baba Ndoo alisogea, akaangalia, akasogea tena nyuma.

"Hilo ni blanketi langu," alisema.

Ikabidi aeleze. Mtu wa maziwa hamimini kitu bila kukichuja. Ni jambo alilolelewa nalo. Kwa hiyo alipoongeza oili alikata kipande cha blanketi kuukuu, akakitandika kwenye faneli, akamimina kidogo kidogo kwa upole wote, na alipoona kinapitisha polepole akakikamua kwa mkono, kama anavyokamua kitambaa cha maziwa, lisipotee hata tone. Kitambaa cha maziwa kilikuwa cha pamba iliyosokotwa vizuri, kinachochemshwa kila siku. Blanketi lilikuwa linanyonyoka. Alikuwa amelinywesha trekta manyoya, lita kumi, kwa mikono yake misafi.

Mama Spana alimtazama muda mrefu. "Ulipata krimu?"

Daftari alilazimika kugeuka upande wa ukuta. Baba Ndoo mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha aibu kilichomwanzia tumboni na kumtikisa mabega, mpaka wote watatu wakawa wameegemea gurudumu moja.

Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Waliliosha chujio kwa dizeli na brashi ya meno hadi mwanga ukapita katika kila tundu. Wakaosha tangi, wakabadilisha gasketi, wakajaza oili mpya kupitia faneli tupu, Baba Ndoo akisimamishwa mbali nalo kama mtoto aliyekatazwa jiko. Wakawasha, wakapandisha na kushusha mikono mara kadhaa hewa itoke. Mshale wa geji ulipanda, ukafika kwenye alama, ukatulia pale kama mwenye nyumba.

"Inalia?" Mama Spana akauliza, safari hii kwa sauti ya kawaida, Baba Ndoo akiwa hapo hapo.

Daftari alisita. Mama mkwe akamwashiria kwa kidevu: sema.

"Hailii tena, mama. Inavuma tu, chini chini."

Mama Spana akaweka kiganja juu ya pampu kuthibitisha, akaridhika. Kisha akamgeukia mteja wake, akasema bila kuzunguka, "Sikio langu limestaafu, Baba Ndoo. Sijui lini, halikuniaga. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini mkono bado uko kazini, na sikio jipya ni hili hapa, limesoma mpaka jioni. Ukienda kunitangaza, tangaza na hilo."

Baba Ndoo akakuna kidevu. Akasema kumbe. Mwaka mzima amekuwa akimpigia kelele akidhani fundi anamdharau, hata mkewe akamshauri ajaribu kupunguza bei ya maziwa. Mama Spana akamwambia ushauri wa mkewe ni mzuri, aufuate.

Wakalijaribu trekta nyuma ya banda, palipokuwa na majani ya kufika kiunoni. Daftari ndiye aliyeendesha. Aliteremsha mashine, akaingiza shafti ya nyuma, akaachia klachi. Blade zilipokutana na majani mazito injini ilishusha sauti kidogo, kama mtu anayebeba mzigo na kukaza mgongo, na shafti haikusimama. Majani yalilala upande mmoja yakinukia ukijani. Mwisho wa mstari alivuta wenzo, mashine ikapanda yote kwa mpigo mmoja laini, ikabaki juu. Alipogeuka, Mama Spana alikuwa amesimama kwenye ukingo, mikono nyuma, akimtazama yeye wala si trekta.

Jioni, walipokuwa wakichambua mboga jikoni, waliongea kuhusu kwenda kupimwa masikio. Mama Spana alikubali kwa sharti moja, kwamba Daftari aje na daftari, maana daktari akisema kwa sauti ndogo yeye ataitikia tu ndiyo ndiyo na kujikuta amekubali kung'olewa jino. Halafu akamwita Njugu, akampakata, akamfundisha kama anavyofundisha mtu kushika spana: kwanza umguse bibi, kisha usimame mbele yake aone mdomo wako, kisha useme polepole, bila kupiga kelele. Njugu akauliza kama paka naye afundishwe. Bibi akamwomba arudie, akarudia, na safari hii bibi akacheka mahali penyewe.

Geji haikurudi msumarini. Ililala mezani kando ya chumvi, kwa kuwa Mama Spana alitaka kuisafisha vizuri kesho.

Alfajiri birika likaanza kulia. Daftari alifumbua macho gizani. Miguu yake ilikwishateremka kitandani alipokumbuka, akairudisha, akashika mto kwa mikono miwili. Filimbi ikapanda, ikanyooka. Ubavuni pake palikuwa patupu, bado pana joto. Kutoka jikoni akasikia nyayo ndogo zikipita sakafuni, zikasimama, halafu pakawa na kitambo kidogo, kitambo cha kumgusa mtu na kungoja ageuke.

"Bibi, birika linalia."